Moyo Hauoti Upya Kama Mkia wa Mjusi

Katika Kiswahili mtu anaweza kufa moyo na kesho yake akaamka kwenda shambani. Tukisema "Juma amekufa moyo" hakuna anayetafuta sanda. Sote twafahamu kwamba Juma amekata tamaa. Lakini geuza sentensi hiyo kidogo tu, useme "moyo wa Juma umekufa", na wasikilizaji watanyamaza kwa simanzi. Mwanafunzi yeyote wa sintaksia atakueleza kilichotokea. Katika sentensi ya kwanza kiima ni Juma, na moyo umewekwa nyuma ya kitenzi uwe mahali tu ambapo tukio limempata. Katika ya pili moyo wenyewe ndio kiima, na kifo ni chake. Kati ya sentensi hizo mbili ipo ya tatu, ambayo lugha yetu haijaizoea ingawa haina kosa lolote la kisarufi: "sehemu ya moyo wa Juma imekufa". Juma huyo wa tatu yu hai. Huenda ni mwalimu mwenzako ambaye siku hizi hupumzika mara mbili akipanda ngazi za kwenda darasani, na usiku hulala kwa mito mitatu kwa sababu akijinyoosha sawasawa pumzi humkatika. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Najua kuna watakaouliza mwanaisimu ana shughuli gani na maradhi ya moyo. Swali ni la haki. Udaktari wangu ni wa vitabu, na hauwezi kumtibu hata kuku. Ila maradhi haya, kabla hayajafika kwa tabibu na hata baada ya kutoka kwake, hupitia katika maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi za nchi hii. Hata hivyo biolojia twaifundisha kwa Kiingereza katika shule za upili, tabibu huandika cheti kwa Kiingereza, kisha mgonjwa huelezwa hali yake kwa Kiswahili cha kuokoteza, kilichosukwa papo hapo huku foleni ikingoja nje. Si ajabu basi kwamba mambo matatu tofauti kabisa yamevishwa kanzu moja.

La kwanza ni mshtuko wa moyo: mojawapo ya ateri zinazolisha moyo wenyewe huziba ghafla, na sehemu ya misuli iliyokuwa ikitegemea ateri hiyo ikaanza kufa kwa kukosa damu. La pili ni moyo kusimama: mapigo hukoma na mtu huanguka. La tatu ni ile hali ambayo moyo unapiga, mchana na usiku, lakini hauwezi tena kusukuma damu kwa kiasi ambacho mwili unahitaji, au huweza kwa taabu kubwa. Miguu huvimba, maji hujaa mapafuni, mtu huchoka kwa kutembea hatua chache. La kwanza laweza kuzaa la pili, na laweza kuzaa la tatu, lakini si kitu kimoja. Magazeti yetu, na silitoi hili ninaloandikia, huandika "mshtuko wa moyo" kwa yote matatu.

Hilo la tatu ndilo tuliloliita "kushindwa kwa moyo". Istilahi hii ilitafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, nami naichukia kwa sababu zisizo za kinadharia. Shangazi yangu mmoja aliambiwa katika hospitali fulani, miaka kadhaa iliyopita, kwamba "moyo wake umeshindwa". Alirudi nyumbani akawaita wanawe, akagawa ng'ombe, akaviweka vidonge vyake juu ya kabati. Nilipomwuliza kwa nini hamezi dawa alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, kilichoshindwa kimeshindwa. Utampa dawa mtu aliyekwisha kushindwa mbio?" Ilituchukua majuma mawili kumrudisha kwenye vidonge vyake, na kilichomrudisha hakikuwa maelezo ya tabibu bali neno. Nilimwambia moyo wake haukushindwa, umeelemewa, kama punda aliyetwikwa magunia sita badala ya mawili. Punda aliyeelemewa hazikwi, hupunguziwa mzigo. Hapo alielewa, akauliza vidonge vipi ndivyo vya kupunguza mzigo.

Ndiyo maana napendekeza "moyo kuelemewa". Wapo watakaosema "kuzidiwa" ni bora zaidi. Sikubali. Mgonjwa aliyezidiwa, kwa Kiswahili cha kila siku, ni yule ambaye jamaa zake wameitwa haraka. Kuelemewa huacha nafasi ya kutuliwa mzigo, na hivyo ndivyo tiba ya maradhi haya inavyofanya kazi, kama nitakavyoeleza.

Tuutazame moyo wenyewe. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na mtu akiwa ametulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika. Kazi kubwa hufanywa na chemba ya kushoto ya chini, ambayo kuta zake zina seli za misuli zipatazo bilioni 2 hadi 4. Mshtuko mkubwa wa moyo waweza kuangamiza robo ya seli hizo kwa muda wa saa chache tu. Kifo hicho hakiji kwa mpigo mmoja. Huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kusambaa kuelekea nje kama moto wa nyika, na kwa sababu hiyo matabibu husisitiza kwamba mwenye maumivu mazito ya kifua afikishwe hospitalini mara moja, maana kila dakika kuna msitu ambao bado haujaungua. Seli inayokufa kwa namna hii huvimba, ngozi yake hupasuka, na vilivyomo humwagika. Miongoni mwa vinavyomwagika ni protini iitwayo troponini, na tabibu akiikuta kwa wingi katika damu hujua kwamba huko ndani misuli ya moyo imeumia. Askari wa mwili hufika kusafisha mabaki, na baada ya majuma kadhaa pale palipokuwa na msuli huwa na kovu. Kovu ni imara, haliachi moyo upasuke. Lakini halinyweki wala halipigi. Limekaa tu, kama kiraka cha gunia kwenye tanga la jahazi.

Kuna kifo cha pili, na hiki ndicho kinachomsisimua mwanaisimu. Mwaka 1972 wanasayansi watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliandika kuhusu seli zinazokufa kwa utaratibu na ukimya: seli hujikunja, hujikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na majirani huvimeza bila fujo wala uvimbe. Walitaka jina. Badala ya kubuni kifupisho cha herufi, walimwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, naye akawapa neno ambalo katika Kigiriki cha kale lilitumiwa kwa majani yanayoanguka mtini. Ndiyo asili ya neno apoptosisi. Wanafunzi wetu hulikariri kwa mateso, hulisahau baada ya mtihani, na wala hawaambiwi kwamba ni neno la wakulima.

Sasa niulize: Kiswahili hakina neno la majani yanayoanguka? Kinalo, tena zuri kuliko hilo la Kigiriki. Majani hupukutika. Kupukutika si kuanguka kwa kishindo. Ni kuachia kimoja kimoja hadi siku moja ukautazama mti ukaona matawi matupu. Mpukutiko wa seli. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiambiwa kwamba katika moyo ulioelemewa seli hupukutika, hahitaji maelezo ya kurasa mbili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kazi ile yastahili heshima kubwa. Lakini tangu wakati huo tumezoea njia ya mkato ya kulitwaa neno la kigeni na kulibandika irabu mwishoni, tukadhani tumeunda istilahi. Mara nyingine hakuna budi. Mimi mwenyewe nimeandika "troponini" hapo juu bila haya. Ila pale ambapo Mgiriki mwenyewe alikwenda shambani kutafuta neno, sioni kwa nini sisi twende Ugiriki.

Na mpukutiko huo una maana kubwa katika maradhi haya. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walianza kuuonyesha katika mioyo ya wagonjwa iliyoondolewa wakati wa kupandikizwa mioyo mingine. Seli zinazopukutika kwa siku moja ni chache mno, lakini hesabu ya miezi na miaka ni nyingine. Zilizobaki hulazimika kubeba kazi ya marehemu. Hunenepa, kwa kuwa haziwezi kuongezeka. Chemba hupanuka, kuta zake hutanuka, na msuli uliotanuka hunyweka kwa shida zaidi. Mwili nao, ukiona damu haifiki inavyopasa, hufanya kosa la mwenye punda mkali: huchapa. Humwaga adrenalini na homoni nyinginezo zinazouamuru moyo upige kwa nguvu zaidi na figo zizuie chumvi na maji. Kwa muda mfupi damu hufika. Kwa muda mrefu, homoni hizo hizo huzidi kuzipukutisha seli.

Ndipo utaona maajabu ya historia ya tiba. Kwa miaka mingi dawa zinazozuia adrenalini isiufikie moyo zilikatazwa kwa wagonjwa hawa, kwani ilionekana wazimu kuudhoofisha moyo uliokwisha kudhoofika. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake huko Gothenburg, Sweden, waliandika kuhusu wagonjwa saba tu waliopewa dawa hizo na kupata nafuu. Waliowaamini walikuwa wachache. Ilipofika mwaka 1999 majaribio makubwa yalithibitisha kwamba dawa hizo hupunguza vifo vya wagonjwa hawa, na leo ni miongoni mwa nguzo za tiba. Kabla ya hapo, mwaka 1987, dawa iitwayo enalaprili ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba kuilegeza mishipa ya damu huongeza umri wa wagonjwa mahututi. Punda aliacha kuchapwa, na akapunguziwa magunia. Hakuna hata mojawapo ya dawa hizi inayoumba seli mpya ya moyo.

Je, seli mpya zaweza kuumbwa? Hapa ndipo pana tamaa, na penye tamaa pana walaghai.

Kuna samaki mdogo mwenye milia, asili yake Asia ya Kusini, anayefugwa ndani ya vioo vya maabara duniani kote. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba ukimkata sehemu ya tano ya chemba yake ya moyo, huiotesha upya kwa muda wa miezi miwili, tena msuli halisi na si kovu. Mwaka 2011 watafiti wa Texas walionyesha kwamba mtoto wa panya mwenye umri wa siku moja aweza kufanya vivyo hivyo. Akifikisha siku saba, uwezo huo umekwisha. Mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Juma moja! Seli za moyo huacha kugawanyika na kujitoa mhanga kwa kazi ya kupiga.

Na binadamu mzima? Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yaliongeza sana kaboni ya aina ya 14 katika hewa hadi mwaka 1963, mkataba wa kuyapiga marufuku ulipotiwa saini. Tangu hapo kiasi hicho kimekuwa kikipungua mwaka baada ya mwaka. Mimea huivuta, sisi twaila mimea na wanyama walioila, na kila seli inapozaliwa huandika ndani ya urithi wake kiasi cha kaboni hiyo kilichokuwapo mwaka huo, kama muhuri wa posta. Mwaka 2009 Jonas Frisén, Olaf Bergmann na wenzao wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walisoma mihuri hiyo katika mioyo ya watu waliokufa. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli zake za misuli ya moyo kwa mwaka. Akifika miaka 75 ni chini ya nusu ya asilimia hiyo. Katika maisha yote ya kawaida hatubadilishi hata nusu ya seli tulizozaliwa nazo. Moyo wa mtu mzima, kwa hiyo, hujitengeneza, lakini kwa kasi ya mwashi anayeweka tofali moja kwa siku katika jumba lililobomoka robo nzima usiku mmoja.

Kabla ya hesabu hiyo kutoka, habari nyingine ilikuwa imekwisha kuushinda ulimwengu kwa utamu. Mwaka 2001 kundi lililoongozwa na Piero Anversa nchini Marekani lilitangaza kwamba seli za uboho wa mifupa, zikidungwa katika moyo wa panya uliojeruhiwa, huugeuka kuwa msuli mpya. Baadaye likadai kwamba moyo una seli shina zake wenyewe. Mwaka 2004 makundi mawili tofauti yalirudia kazi ile ya uboho na hayakuuona muujiza huo. Hata hivyo fedha zilimiminika, maabara zikafunguliwa, na wagonjwa wakaingizwa katika majaribio. Mwaka 2017 hospitali ya Boston ambamo maabara ya Anversa ilihamia ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya serikali kwamba fedha za utafiti zilipatikana kwa udanganyifu, na mwaka 2018 hospitali hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard zilipendekeza makala 31 za maabara hiyo zifutwe. Thelathini na moja! Mwanafunzi wangu akiniletea tasnifu yenye jedwali moja la kubuni humfukuza.

Naamini neno nalo lilichangia. "Kuzaliwa upya" ni maneno ya kanisani na msikitini kabla hayajawa ya maabara. Yana nguvu ya kumfumba macho hata profesa. Na hapa kwetu nimewahi kuona vikaratasi vikigawiwa kituo cha matatu vinavyoahidi "kuzalisha upya moyo" kwa unga wa mizizi au kwa "seli shina" zilizofungwa ndani ya chupa. Anayeviuza hajui seli ni nini. Anayenunua, mara nyingi, amekwisha kuacha kununua vidonge ili apate fedha za ile chupa.

Nisieleweke kwamba natangaza matanga. Kazi ya kweli inaendelea, taratibu na kwa unyenyekevu. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 jinsi seli ya kawaida ya panya inavyoweza kurudishwa utotoni, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli ya binadamu. Mwaka 2014 nyani waliopewa seli za moyo wa binadamu zilizooteshwa maabara walipata msuli mpya, lakini pia walipata mapigo yenye vurugu, jambo ambalo kwa binadamu laweza kuua. Mwaka 2020 mgonjwa wa kwanza nchini Japani alibandikwa utandu wa seli za namna hii juu ya moyo wake, na mwaka 2025 Wajerumani walitoa ripoti ya kiraka chao kilichokwisha kupandikizwa kwa binadamu. Hivyo ni viraka, vimeshonwa kutoka nje. Si mkia wa mjusi. Nao mkia wa mjusi, kwa wale wanaoupenda mfano huo, hurudi ukiwa na gegedu badala ya mfupa. Hata mjusi hapati alichopoteza.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa ndipo walimu wanapohusika kuliko matabibu. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kuelemewa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Katika nchi tajiri maradhi haya aghalabu huwapata wazee wa miaka 70 na zaidi. Sisi hutuchukua tukiwa bado tunalipa karo. Na kilichowafikisha hapo, kwa karibu nusu yao, hakikuwa ateri iliyoziba bali shinikizo la damu, ambalo hupimwa kwa dakika moja na kutibiwa kwa vidonge vya bei nafuu. Wengine, mmoja kati ya saba hivi, walikuwa na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwa mtoto mwenye mafindofindo yasiyotibiwa. Mtoto huyo yuko darasani kwako. Ameshika koo, ana homa, nawe umemwambia akanywe maji ya chumvi. Penisilini ya wakati ule ingeuokoa moyo ambao hakuna maabara ya Stockholm wala Osaka inayoweza kuuotesha akishafika miaka thelathini.

Kuna jambo moja la lugha ambalo bado latushinda, nalo linawahusu zaidi kina mama. Baadhi yao huelemewa na moyo katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Wakitibiwa mapema, wengi wao mioyo yao hurudia nguvu zake, wengine kabisa. Jamaa husema moyo "umezaliwa upya". Haukuzaliwa upya: seli zilizokuwa zimelegea bila kufa ndizo zilizoamka. Tuna "kupona", tuna "kupata nafuu", tuna "kuota upya", "kuchipuka" na "kumea", lakini sijapata kitenzi kimoja cha kiungo kilichodhaniwa kimekufa ambacho kumbe kilikuwa kimelala. Wapemba husemaje juu ya mnazi uliokauka kiangazi ukarudi kijani mvua iliponyesha? Wakulima wa Taita je, juu ya mgomba? Msomaji mwenye neno la kwao na aniandikie kupitia kwa mhariri, ataje pia mahali alipolisikia na linavyotumika katika sentensi.